Pikipiki Ndefu ya Mume Mfupi

Mume wangu alitumia miezi saba kutazama video za pikipiki, na mimi nikatumia miezi hiyo hiyo kuzisikiliza bila kuombwa. Alitaka pikipiki ya safari: injini ndogo, bei ya watu kama sisi, inayokwenda kwenye lami na kwenye njia za mawe bila kulalamika. Sababu aliyoitoa ilikuwa mimi. Mimi ni mkunga. Zahanati ya juu mlimani ilikuwa inatafuta mkunga mkuu, magari hayafiki kule, na daktari msimamizi alisema wazi kwamba anayetaka kazi ile aonekane pale saa mbili asubuhi, wiki nzima ya majaribio, bila hadithi. Nilikuwa nimeitamani kazi ile kwa miaka sita.

Pikipiki ikaja. Nzuri, sikatai. Ina madigadi iliyonyanyuka mbele kama mdomo wa bata, matairi yenye meno, na siti iliyomfika mume wangu mbavuni. Mwenzangu si mrefu. Hilo nyumbani kwetu halisemwi, na mimi ninayemzidi kichwa kizima nimevaa ndala miaka yote ya ndoa. Fundi alimwambia kwa heshima zote, "Mzee, hii siti tuipunguze sponji kidogo, miguu ifike chini."

"Walioibuni hawakuwa wajinga," akajibu bwana mkubwa, akaenda kununua kinga za magoti.

Basi tukaishi na pikipiki isiyoweza kusimama popote. Kwenye taa za barabarani anashika nguzo. Dukani anasimama penye ngazi tu. Kama duka halina ngazi, hatununui. Mji mzima alikuwa ameukariri kwa ngazi zake.

Jumatatu ya kwanza ya majaribio nikapanda nyuma, sare imenyooka, begi la vifaa mgongoni. Nimpe haki yake: kuendesha anajua. Kwenye lami tulikwenda raha mustarehe, na kwenye mawe akainuka kidogo, akaipitisha vizuri kabisa. Saa mbili kasoro dakika tatu tukaingia uwanja wa zahanati. Uwanja ulikuwa tambarare kama sinia. Ngazi zilikuwepo mbili, zote zimekaliwa na wajawazito.

Tukazunguka. Tukazunguka tena. Daktari msimamizi akatoka mlangoni, akatazama saa yake, akatupungia mkono. Nasi tukampungia, tukapita.

"Mama watoto, ruka!" mume wangu akapiga kelele.

"Niruke? Na begi?"

"Nitapunguza mwendo!"

Mzunguko wa tano, saa mbili na dakika mbili, tukaangukia kitalu cha maua. Taratibu, kwa adabu zote. Hakuna aliyeumia isipokuwa maua. Wajawazito walicheka hadi nikaogopa mmoja wao atajifungua palepale.

"Na kesho itakuwa hivi hivi?" daktari akauliza.

Nikamtazama mume wangu. Sentimita tano za sponji! Mtu yuko radhi mimi nikose kazi, mradi sponji yake isiguswe. "Kesho nitakuja mwenyewe," nikasema. Kaka yangu alinifundisha kuendesha kabla sijaolewa. Hilo nalo nyumbani halisemwi. Nikainua pikipiki, nikaipanda ili daktari aone. Nyayo zangu zote mbili zikakaa chini, bapa. Mume wangu akawa anatazama milima.

Alishinda benchini mchana kutwa, katikati ya wajawazito, amevaa kinga zake za magoti. Jioni nikaendesha mimi, yeye nyuma. Tulipoikaribia lami akanigusa bega.

"Tubadilishane hapa."

"Kwa nini?"

"Watu watatuona."

Nilingoja aseme neno jingine. Angesema pole tu, ningeshuka. Kwa kumpenda, mimi ni mjinga kiasi hicho.

"Watuone," nikamwambia, nikaongeza mwendo.

Kwenye kona ya duka la dawa walikuwa wamesimama wenzake wa kazini, na mmoja akapiga mluzi. Mikono ya mume wangu ikalegea kiunoni mwangu, nikadhani sasa anaruka yeye. Kisha ikanishika kwa nguvu.

"Kesho utoke mapema," akasema sikioni mwangu. "Kule kwenye mawe asubuhi kunateleza."