Ng'ambo ya Reli

Kesi ya mume wangu na dada yake ilifufuliwa na neno moja, na neno lenyewe si la Kizungu wala la kisheria. Ni "ng'ambo".

Baba mkwe aliacha mashamba mawili hapa Gulwe, reli ikipita katikati. La upande wa stesheni lina mawe matupu. La upande wa kijito lina udongo mweusi, na ndilo wifi yangu Zipora amelilima karanga tangu afiwe na mumewe, mpaka binti yake Anna akafika chuoni Chimwaga. Walipogombana, jaji alikuja mwenyewe kuyaona, akasikiliza mashahidi palepale shambani. Amri ikatoka: "Shamba la ng'ambo ya reli ni la Meshack." Mume wangu Meshack akaruka kwa furaha, kwa sababu Gulwe tunakaa upande wa stesheni, na kwetu ng'ambo ni kule kwenye kijito.

"Baba Denis," nikamwambia, "lile shamba unajua si letu."

Akanijibu kwamba mahakama imeshasema. Basi nami nikajifunga khanga, nikamsindikiza wifi mpaka Dodoma. Mke kufuatana na mpinzani wa mumewe! Watu walisema, na waseme, midomo ni yao.

Wakili wetu alikuwa Kaushik, mtoto wa mzee Vithaldas wa duka la vitambaa. "Tutaomba mapitio, mama," akamwambia Zipora. "Jaji aitazame tena amri yake."

"Jaji yupi?"

"Yuleyule. Jaji Tabu."

Zipora akainuka kitini. "Tabu ndiye aliyenitia tabu, leo nimrudie yeye? Nataka mwingine, mwenye macho mapya!"

"Ukitaka mwingine, hiyo ni rufaa. Mapitio husikilizwa na aliyetoa amri, maadamu bado yupo kazini. Yeye ndiye anayejua alikusudia nini."

"Yaani aliyenikanyaga ndiye nimwonyeshe kidonda!"

Siku ya kusikilizwa, njia nzima aliniapia kwamba atamkataa jaji mbele ya watu wote. Tulipoingia, Meshack akamtangulia kusimama. Akakohoa. "Mheshimiwa Jaji, kwa heshima zote, naomba maombi haya yasikilizwe na jaji mwingine."

Mimi kikohozi kile nakijua. Ndicho anachokohoa akishadokoa nyama chunguni. Zipora naye anakijua, maana amemlea. Akanibana mkono, "Wifi, kama Meshack hamtaki, mimi namtaka!" Alidhani ananong'ona, lakini mpaka karani aligeuka.

Jaji Tabu akatabasamu. "Kazi hii sheria imenipa mimi, Bwana Meshack. Niliyeandika ndimi nitakayesahihisha, na bado nipo." Akaisoma amri yake, akarudia, akavua miwani. "Siku ile kiatu changu kilizama kwenye matope. Nani alikichomoa?"

"Mimi, mheshimiwa," akasema Zipora. "Nikakisuuza kijitoni."

"Na nilikuwa nimesimama palepale kijitoni nilipotamka maneno haya. Ukiwa pale, Bwana Meshack, ng'ambo ya reli ni wapi?"

Meshack akainamisha kichwa. Nilimwombea kimoyomoyo, kweli nilimwombea, kwa sababu ni mume wangu na nampenda.

"Ni upande wa stesheni, mheshimiwa," akasema hatimaye. "Kwenye mawe."

Jaji mwingine angezitoa wapi habari za kiatu? Amri ikasahihishwa, shamba la kijito likabaki la Zipora. Wifi alilia mpaka Kaushik akampa leso yake. Nyumbani nilimpikia mume wangu ugali na mlenda, sikumsema hata neno, na hilo lilimuuma kuliko kusemwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mimi na wifi tulikuwa tukipanda karanga. Meshack akaja na jembe begani, akasimama kwenye reli, asithubutu kushuka.

"Dada!" akaita. "Nije kusaidia huko ng'ambo?"

Zipora akanyoosha mgongo. "Huku ni huku! Ng'ambo ni kwako."

Meshack akabaki amesimama, mvua ikimlowesha. Wifi akanitazama, kisha akamtazama yeye, na sauti ikamlainika.

"Haya vuka, mdogo wangu. Ukizama, nitakuchomoa."