Mkwe wa Kura

Eufrasia alipendaga kusema kwamba kuanzia Nyakato mpaka stendi ya Bunda hakuna mlango asioweza kuingia bila kupiga hodi. "Kuingia," aliongeza mwenyewe, akigeuza sato kwenye karai. "Kutoka ndiyo shida. Kwingine natolewaga."

Danford alicheka kile kicheko cha wagombea, cha meno ya mbele tu. Alikuwa amesimama mbele ya karai, sokoni Musoma mjini, ameshika suruali yake magotini isirukiwe na mafuta. Mwaka ulikuwa tisini na tano, vyama vimekuwa vingi kama dagaa wa usiku wa giza, na kila mwenye suti anasema ameitwa na wananchi. Danford alisema ameitwa na wananchi wa Bunda. Alizaliwa huko, akachukuliwa kwenda Dar angali anatoka kamasi, na tangu hapo alirudi kwa misiba tu. Wananchi wenyewe hawakukumbuka kumwita.

"Nataka watu wako wa Bunda, mama," alisema. "Mikutano haisaidii, watu wanakuja kuangalia gari. Nataka mtu ambaye akikohoa, kijiji kizima kinakohoa."

"Huyo yupo. Anaitwa Dorotea, ni wifi yangu. Akina mama wanaolimiana pamba ni wake, kwaya ya kigango ni yake, na wanaume wao wanapigiaga kura pale wanapoambiwa."

Hakusema kwamba wifi huyo hakuwa anaongea naye. Alipomkimbia Masatu, kaka yake Dorotea, Eufrasia alipanda lori la pamba na sufuria zote za nyumba ile, pamoja na moja aliyoiazima kwa Dorotea mwenyewe.

Danford naye akatoa ahadi yake. Alikuwa na binamu halmashauri ya mji. Bunda ikimpa kura, Eufrasia angepewa kibanda cha bati cha pale kona.

Basi hapo ndipo alipokamatika. Kwa miaka yote tangu lori lile la pamba, Eufrasia alikuwa anauzia samaki kwenye mdomo wa mfereji. Mvua ikinyesha, maji yalipita katikati ya miguu yake na matumbo ya samaki wa wenzake. Kile kibanda alikuwa anakitazama mpaka anakiota, na kwenye ndoto ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Alipofika Bunda alimkuta Dorotea anaanika mihogo uani. Dorotea hakuinua kichwa.

"Kumbe barabara ya Musoma bado inapitika."

"Habari za siku, wifi."

"Wifi wa nani? Kaka yangu ana mke. Anaitwa Gati, anapikia sufuria zake mwenyewe."

"Sikuja kugombana."

"Basi umepotea. Hapa kwangu ukija, kugombana ndiyo shughuli iliyopo."

Eufrasia akakaa juu ya jiwe bila kukaribishwa. Akaanza kuingiza habari za uchaguzi, taratibu, kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano. Dorotea akamkata.

"Wagombea wameshapita wanne. Mmoja alituachia chumvi. Chumvi tumekula, jina lake tumesahau. Wewe umetumwa na yupi?"

Mfereji ukamjia Eufrasia machoni, na inzi wake. Ndipo akakumbuka mahali Dorotea alipo na kidonda. Binti yake Hyasinta alikuwa mwalimu Dar, amepita miaka thelathini, hajaolewa. Kila Jumapili wanakwaya walimuuliza Dorotea habari zake kwa sauti ya upole, na huo upole ndio uliokuwa pilipili.

"Haya," Eufrasia alisema akiinuka. "Nitamwambia mkwe wako kwamba umekataa kumwona."

Mkono wa Dorotea ukasimama juu ya mihogo. "Mkwe gani?"

"Kwani Hyasinta hajakwambia? Danford, huyu anayegombea. Wamepatana huko huko Dar. Mtoto anaona haya, ametaka mwanaume atangulie."

Uongo ulitoka wenyewe, mviringo, umeiva kama andazi. Dorotea akainua kichwa, akamtazama. Chuki ilikuwa haijaondoka usoni, ila ilikuwa imesogea kidogo kupisha kitu kingine. Kuuliza Dar kulitaka safari ya posta na foleni ya simu, na wikiendi ilikuwa imefika.

"Aje Jumapili baada ya misa," alisema. "Na ukiwa umenidanganya, Eufrasia, mji wote wa Musoma utakuwa mdogo kujificha."

"Nikudanganye nipate nini, wifi?"

Jumapili, ndani ya pikapu, Eufrasia alimfundisha Danford njia nzima. Hyasinta anaandika kwa mkono wa kushoto. Hapendi perege, anasema ana miiba. Alisoma sekondari kwa masista. Danford alirudia yote bila kukosea.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nimeshasema uongo mkubwa kuliko huu, tena kwenye kipaza sauti."

Ua wa Dorotea ulikuwa umefagiliwa mpaka unang'aa. Wanakwaya walikuwa wamejipanga na sare zao, na wimbo wa ndoa wameshatia jina la Danford ndani. Mama mmoja alimnong'oneza Eufrasia kwamba mambo yamekwisha: mkwe wa Dorotea ni mkwe wa kigango, kura atapewa zote, na wanaume wameshaambiwa. Eufrasia akasikia kabisa uzito wa ufunguo shingoni.

Danford alishuka akashika mikono. Alishika ya sauti ya kwanza, akashika ya sauti ya pili, akashika hata ya mpiga ngoma. Halafu akauliza, "Mama mkwe wangu yuko wapi?" na kabla hajajibiwa akazunguka jiko.

Dorotea alikuwa huko, kanga kichwani, amegeukia ukuta. Aliposikia viatu vinakuja alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye ghala la mtama. Danford akamfuata pale pale, akaukamata mkono wake kwa mikono yake miwili, akautikisa kama anapampu kisima.

"Mama yangu," alisema. "Nimefurahi sana kukuona."

Wimbo ukakatika. Kwa watu wale, mkwe na mama mkwe hawagusani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye pamba ya watu mpaka mwenzake apite. Mtoto anayechunga mbuzi anajua. Eufrasia alikuwa amemfundisha Danford kila kitu isipokuwa hicho, maana nani anamfundisha bata kuogelea?

Dorotea alishusha kanga kichwani, akamtazama Danford usoni, kavu kavu.

"Mwanangu hajaposwa na wewe. Angekuonya juu ya mkono huu kabla hajakutajia hata jina langu."

Danford akauachia mkono. Akatafuta kicheko, kikakataa kuja. "Mimi nimekuja kuomba kura tu, mama. Hayo ya Hyasinta amenipanga huyu," na akamwonyesha Eufrasia kwa kidevu.

Wanakwaya wote wakageuka. Dorotea alikuja polepole, machozi yamejaa lakini hayadondoki.

"Umenifanyia nguo mpya ya aibu, Eufrasia. Wamenivalisha wote hawa, wamenishonea na wimbo."

"Wifi, na mimi nimedanganywa," Eufrasia alisema haraka, akiikaza kanga mabegani. "Aliniambia yeye mwenyewe ni mchumba wa mtoto, nikaamini. Mimi mambo ya siasa siyajui. Sina chama, sina mgombea. Huyu baba nina kazi gani naye?"

Dorotea alishika ncha ya kanga ile akaivuta. Ikatoka yote.

Chini yake Eufrasia alikuwa amevaa fulana mpya ya kampeni, ile aliyopangiwa kuifunua baada ya chakula. Kifuani, kuanzia kwapa hadi kwapa, Danford alikuwa anacheka kwa meno yote.