Hakimu Yuko Mahabusu

Mokami alikuwa na maksai wawili wa plau, Hakimu na Karani, na majina hayo hakuwapa yeye. Aliyewapa ni marehemu mumewe, mzee Werema, mwaka aliposhindwa kesi ya mpaka wa shamba ambalo kijiji kizima cha Gorong'a kilijua ni lake. Alirudi kutoka mahakamani, akanunua ndama wawili mnadani, akawahasi, akawaita Hakimu na Karani ili awe anawachapa kila asubuhi bila kufungwa. Masikini, hakuwahi kuwachapa sana. Aliwafundisha plau mpaka wakaiva, ndipo akafa.

Hakimu alikuwa mwekundu, naye alivuta kushoto, juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Karani alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kifuani, naye alivuta kulia, ndani ya mfereji. Huwezi kuwabadilisha. Ukimweka Hakimu kulia anasimama tu na kukutazama, kana kwamba wewe ndiye uliyekosea, na kweli umekosea. Kumfundisha maksai mwenza mpya kunakula msimu mzima, na msimu wa kupoteza Mokami hakuwa nao. Mvua za Machi zilikuwa zimeshaanza, na ekari zake tatu zilikuwa hazijaguswa.

Ekari hizo tatu ndizo zilikuwa chakula cha mwaka mzima cha watu watano: Mokami mwenyewe, mkewe Sarah na watoto watatu wa Sarah. Ndiyo, mkewe. Mwanamke wa Kikurya aliyezaa mabinti watupu, nao wakaolewa wakamwacha, anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana amletee wajukuu wa kuurithi mji. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, na haikuanza jana. Ng'ombe wengine wote wa Mokami walikwenda kwenye mahari ya Sarah, wakabaki hao wawili.

Basi Jumatatu alfajiri mvua ikaangusha kipande cha uzio wa boma, Hakimu akatoka. Hakwenda mbali. Tangu barabara iwekwe lami, ng'ombe wa huku wamegundua jambo ambalo wahandisi hawakulichora: lami hukauka upesi kuliko boma lenye matope. Hakimu akafika, akachagua mahali, akalala katikati ya barabara akicheua.

Wakati mwingine dereva angeshuka, amswage, safari iendelee. Lakini kituo kidogo cha polisi pale njia panda kilikuwa kimepata mkuu mpya, Afande Nikolaus, mtu wa mjini, mwenye kiatu cha kung'aa hata siku ya mvua. Afande huyu alipofika alikuta vitu viwili, barabara mpya na ng'ombe wa zamani, akaamua kwamba ng'ombe ndio wamevamia. Alikuwa ameapa mbele ya mkutano wa kijiji kwamba mnyama yeyote atakayekutwa barabarani atashughulikiwa kisheria. Watu walipiga makofi, kwa sababu watu hupiga makofi ili mkutano uishe.

Wakaja askari wanne na gari. Wakapiga king'ora. Hakimu akatikisa sikio. Wakapiga filimbi, wakapiga honi, mmoja akamgonga mgongoni kwa kirungu. Jamani, maksai wa plau haamki kwa king'ora. Anaamka kwa neno la kuitwa kazini, na neno lenyewe hata mtoto wa Sarah wa miaka minne analijua. Miongoni mwa askari wale alikuwemo Mseti, mtoto wa Wangwe wa Kerende, aliyelima kwa maksai tangu alipoweza kushika mjeledi. Neno alilijua vizuri sana. Lakini afande alikuwa amesema king'ora, basi Mseti akasimama pale na sare yake kama mgomba.

Malori ya kwenda machimboni yakajipanga pande zote mbili. Baada ya dakika arobaini wakamfunga Hakimu kamba kwenye pembe, wakamfunga nyuma ya gari, wakamkokota mpaka kituoni, wakamfunga kwenye nguzo ya tangi la maji. Ushindi mkubwa huo, polisi wanne dhidi ya ng'ombe aliyekuwa anacheua.

Mokami alipofika, saa tatu asubuhi, alikuwa na kamba begani na hakuwa na hasira bado. Alijua uzio ni wake na kosa ni lake. Mseti alimwamkia shikamoo kutoka kaunta. Afande Nikolaus hakumwamkia, ingawa mama yule angeweza kumzaa. Alimwambia aseme shida yake kwa kifupi.

Akasema kwa kifupi. Ng'ombe yule ni wake, anaitwa Hakimu, anaomba radhi na anaomba ampeleke nyumbani. Afande akafungua kitabu, akakataa kuandika jina hilo kwa sababu ni dharau kwa mhimili wa dola, akaandika dume mmoja mwekundu, mkali. Mokami akamwambia si dume, ni maksai, amehasiwa, na ukali hana. Mseti akainama kuficha kicheko. Afande akasema kwake dume ni dume, na kuanzia sasa dume huyo ni kielelezo, haondoki mpaka mwenye ng'ombe aje na barua ya mtendaji wa kijiji.

"Mwenyewe ndiye mimi," Mokami akasema.

Afande akamuuliza mume wake yuko wapi. Amekufa. Mtoto wake wa kiume je? Hana, ana mke. Afande akaweka kalamu chini. Akamtazama Mseti, Mseti akatazama dari. Ikabidi Mokami amweleze mtu mzima yule mambo ya nyumba ntobhu, polepole, hatua kwa hatua, na alipomaliza afande akasema hilo halimo kwenye fomu.

Hapo ndipo Mokami alipomwambia lile jambo lililo kubwa kuliko yote, na akalisema taratibu ili lisipotee.

"Sikiliza, mwanangu. Hawa wawili wamelala pamoja na kula pamoja tangu ni ndama. Ukimshika huyu, yule mwingine atakuja kumtafuta, na atapita barabarani, kwa sababu njia nyingine haijui. Niruhusu nimlete hapa sasa hivi, walale wote wawili kwenye nguzo yako mpaka barua ipatikane."

Afande Nikolaus akacheka mpaka kofia ikasogea. Akasema kituo si zizi, na huyo wa pili akija kwa miguu yake, basi atawaokoa askari kazi ya kumkamata.

Mokami akamgeukia Mseti, akamwambia kwa Kikurya kwamba yeye anayajua haya, baba yake alimfundisha, amwambie mkubwa wake. Mseti akajibu kwa Kiswahili, ili mkubwa wake asikie, kwamba yeye ni mtu wa kuagizwa. Loo! Mokami alimwona alivyokuwa mdogo ndani ya sare ile, akachukua kamba yake akaondoka.

Jirani yake, Emanuel, alimwambia kwenda kituoni mikono mitupu ni ujinga wa kutojua mji, mtu wa namna ile anataka chai tu. Jioni Mokami akarudi kituoni na jogoo. Afande akamrudishia jogoo wake na hotuba juu. Yeye hapokei rushwa, hata soda hanywi ya mtu, yeye ni utaratibu tu. Na kweli, mwizi hakuwa. Mokami alirudi nyumbani na jogoo kwapani akiwaza kwamba afadhali angekuwa mla rushwa, kwa sababu mla rushwa ukimpa anasikia, lakini mjinga mwaminifu utampa nini?

Barua nayo ikawa safari nyingine. Mtendaji wa kijiji alikuwa kwenye semina Tarime, na semina yenyewe, Mungu apishe mbali, ilikuwa ya uangalizi wa mifugo. Jumanne yote mvua ikanyesha vizuri, ile mvua ya kulimia, ikaingia ardhini bila kazi. Karani hakula. Alisimama kwenye boma ameelekea njia panda, akalia. Upepo ukivuma kutoka upande ule, Hakimu alisikika akijibu. Sarah akamfunga Karani kwa kamba mbili kwenye mti, akalala usingizi wa kuvizia.

Jumatano asubuhi mtendaji akarudi, akaandika barua, akaigongea muhuri. Kabla ya saa nne Mokami alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kituo, barua kwenye mfuko wa nailoni. Akaambiwa asubiri. Afande hayupo, amekwenda shule ya jirani kufundisha watoto usalama barabarani.

"Barua si hii hapa? Nipe ng'ombe wangu niende," akamwambia Mseti.

Mseti akasema sahihi ni ya mkuu mwenyewe. Mokami akakaa. Hakimu alikuwa pale kwenye nguzo, amekonda siku mbili hizo, analia kila baada ya muda kidogo. Mara akanyamaza. Akainua kichwa, masikio mbele, akatazama barabara ya Gorong'a.

Mokami hakuhitaji kuambiwa. Karani amekata kamba, anakuja.

"Mseti, toka ukasimamishe magari. Dakika tano tu. Mimi nitamwita, atakuja."

"Siwezi kuacha kaunta, mama. Afande amekataza."

Kaunta ile ilikuwa na kitabu kimoja na glasi ya chai. Ndiyo iliyokuwa ikilindwa. Mokami akatoka mwenyewe, mama wa miaka sitini na tano, akakimbia kwa kadiri ya magoti yake mpaka katikati ya lami, na kule mbele akamwona Karani anakuja mbio za ng'ombe, kipande cha kamba kinaburuta shingoni. Akamwita kwa lile neno. Karani akalisikia, akaacha mbio, akaanza kutembea, mpole, kama anaingia shambani. Zilibaki hatua thelathini hivi.

Ndipo gari la polisi likatokea nyuma ya Mokami, king'ora juu, likitoka shuleni. Akageuka, akapunga khanga kwa mikono yote miwili. Gari likampigia honi atoke barabarani. Hakutoka. Likamkwepa kwa mbwembwe, likapita ubavuni mwake, na aliyekuwa nyuma yake likamkuta.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo aliyekataa kusikia alikuwa mkuu, na miguu iliyovunjika ilikuwa ya Karani, yote miwili ya mbele. Alijaribu kuinuka mara mbili. Watu walishaanza kufika, wengine na visu na beseni, maana kwenye nyama sisi hatuchelewi. Emanuel ndiye aliyemmaliza, kwa huruma, kisha akawafukuza wale wenye beseni.

Afande Nikolaus alishuka na nundu kwenye paji la uso, boneti ya gari imekunjika. Watoto wa shule wakaja mbio kutazama somo la asubuhi likiendelea. Akakung'uta suruali, akauliza kwa sauti ya kazi:

"Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Mokami akatoa barua kwenye mfuko wa nailoni. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta, lakini sauti yake ilifika mpaka kwa mtu wa mwisho.

"Soma. Imeandikwa Mokami ni mmiliki wa maksai wawili, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Mwekundu uko naye. Mweusi ndiye huyo uliyemgonga. Na uandike vizuri kwenye kitabu chako kwamba alikuwa anakuja kituoni kuripoti mwenzake amepotea, kwa sababu katika wote waliokuja mbele yako wiki hii, yeye peke yake ndiye usingemwambia alete barua."

Afande akasoma barua, akaigeuza, akaisoma tena. Akasema suala la gari la serikali litashughulikiwa na wakubwa. Kisha, kwa kuwa utaratibu ulikuwa umekamilika, akatia sahihi, na dume mmoja mwekundu, mkali, akaachiwa.

Mokami akamfungua. Hakimu akapelekwa mpaka alipolala Karani, akamnusa usoni, akamnusa shingoni, akasimama. Mokami akamwacha asimame. Magari yakasubiri, na safari hii hakuna aliyepiga king'ora. Alipoona imetosha akamwambia lile neno, wakaanza kwenda nyumbani, yeye mbele na kamba iliyolegea.

Mvua ilikuwa inajikusanya tena upande wa Serengeti, mvua nzuri kabisa ya kulimia. Mokami aliitazama kwa chuki. Kesho yeye na Sarah wangeshika majembe ya mkono, na kwa majembe ya mkono wangefika ekari moja, wakijitahidi. Ekari moja haivuki Desemba.

Hakimu alitembea kama alivyofundishwa, kushoto, ameacha upande wake wa kulia nafasi ya mtu wa pili kwenye nira. Hakuisogelea hata kidogo. Baada ya mwendo Mokami akasikia viatu. Mseti alikuwa ameacha kaunta. Alikuwa anatembea kulia kwa Hakimu, ameinua mkono kuzuia magari, kofia yake mkononi, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Toka hapo, Mseti," Mokami akamwambia kwa Kikurya, bila kupandisha sauti. "Hapo pana mwenyewe."

Mseti akasimama. Hakimu akaendelea na upande wake, na malori yakawafuata taratibu nyuma mpaka njia ya kuingia kijijini.