Neno la Kushukia

Nidia alipiga makofi mara tatu kubisha hodi mbele ya lango la Don Crisanto, kisha akatulia juu ya gari lake la farasi, hatamu mkononi. Katika mkoa wa Corrientes mgeni hashuki mpaka mwenye nyumba amwambie, "Shuka." Ukijishukia mwenyewe umeshajianika kuwa huna adabu, na asiye na adabu hapewi hata maji.

Na Nidia alihitaji zaidi ya maji. Nyuma yake kulikuwa na kitanda, jiko, kuku watano na binti yake Maitena, mwenye miaka mitano. Siku nne walikuwa wakiishi kwa huruma ya vijiji: hapa walipewa majani ya farasi, pale mikate ya muhogo na jibini. Jumatatu asubuhi alitakiwa aanze kazi ya upishi katika shule moja mjini Mercedes. Asipoonekana, nafasi anapewa mwingine. Leo ilikuwa Jumamosi, zimebaki kilometa arobaini, na Ceniza, farasi wao, kiatu cha mguu wa mbele kilikuwa kimemtoka. Alikuwa anachechemea. Hapo kijijini Paso Ceibal fundi wa viatu vya farasi alibaki mmoja tu, huyu mzee.

Don Crisanto akatoka, kofia mkononi.

"Shikamoo, Don Crisanto."

"Marahaba, binti. Jua hili!"

"Kali kweli."

"Na mvua imegoma."

"Imegoma kabisa."

Mzee akaegemea lango. Akawasifia kuku, akauliza kama wanataga. Nidia akamweleza habari ya kiatu. "Maskini mnyama," mzee akasema, kisha akageuka kuutazama mlango wa nyumba, kama anayengoja mtu atoke. Hakutoka mtu. Wakarudia habari ya mvua.

Jasho lilimtiririka Nidia mgongoni. Amenikataa, akajiambia. Kwa upole, lakini amenikataa. Akamtazama Ceniza aliyeuinua ule mguu asiukanyagie. Kumlazimisha aende ni kumuua. Kumpumzisha ni kuipoteza kazi. Akazivuta hatamu.

"Haya, Don Crisanto, tusikuchoshe."

"Babu!" Maitena akadakia kutoka nyuma. "Tushuke au tusishuke? Mimi nimebanwa mkojo!"

"Maitena! Wewe mtoto!"

Lakini mzee alikuwa amesimama wima. "Kwani hamjaambiwa mshuke?"

"Na nani, babu?" Maitena akauliza.

"Si na..." Akautazama tena ule mlango. Kofia ikaanza kuzunguka vidoleni mwake. "Delfina, mke wangu, ndiye aliyekuwa anasema. Miaka arobaini na mitatu, yeye anasema, mimi nafungua lango. Tangu tumzike, watu wanapiga makofi, tunaongea vizuri tu, halafu wanaondoka. Nikajua wamenichoka."

"Wanadhani unawafukuza!" Nidia akasema.

"Kumbe asiye na adabu ni mimi!"

Nidia akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Basi sema sasa, babu."

Mzee akakohoa. "Shukeni."

"Hatujasikia!" alisema Maitena.

"SHUKENI!"

Kuku wakapapatika. Ng'ambo ya barabara dirisha likafunguka, na jirani yake, Doña Pelagia, akatoa kichwa. "Heee! Leo ulimi umekufunguka, Crisanto?"

"Na wewe vuka, acha kuchungulia kama paka!"

"Miezi mitano nangoja uniite, mzee mkaidi wewe!" Akavuka hapo hapo na sufuria la mchuzi, aproni yake haijafungwa hata kamba. Nyuma yake wakaja wengine wawili, mmoja na gunia la mahindi ya Ceniza.

Maitena alikuwa wa kwanza kushuka, mbio mpaka nyuma ya nyumba.

Jioni ile Don Crisanto hakubadilisha kiatu kimoja tu, alibadilisha vyote vinne. Mguu ule akaukanda kwa maji ya chumvi, akawalaza wageni wake kwenye chumba cha Delfina.

Jumapili alfajiri Ceniza alitoka langoni akikanyaga sawasawa, miguu yote minne. Walikuwa hawajafika kona walipomsikia mtu nyuma yao anapiga makofi kwa Don Crisanto. Kofi la kwanza tu.

"Shuka, shuka!" mzee alipaza sauti kutoka ndani. "Shuka wewe, chai ipo motoni!"

Nidia akalegeza hatamu. Mercedes watafika hata kabla jua halijazama.