Mkono wa Kuagana

Wilhelmina alikuwa ameshafika getini na begi lake mgongoni, bodaboda inamsubiri impeleke stendi ya Buzuruga, Profesa Magesa alipomwita kutoka kwenye ngazi za kituo cha utafiti wa samaki. Akasimama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole viwili. Wa kulia ulikuwa mzima, na huo ndio aliokuwa anaukimbiza, maana bila huo hadubini haishikiki.

Mambo yalianza siku ya kuwakaribisha watafiti wapya. Profesa, aliyepewa kazi ya kuwalea, alitaka kuwaambia wageni kwamba vijana hawa ni kalamu yake. Lakini ulimi wake haujawahi kutenganisha r na l. Akasema, "Hawa ni karamu yangu." Watu wakapiga makofi. Nani amsahihishe mkubwa? Kesho yake akaanza kuwala, kwanza kijana Pius: sikio, kwa ndimu na pilipili, huku akimwelekeza namna ya kuandika ripoti. Damu ilichuruzika kwenye kibodi. Ripoti ilitoka kwa jina la Profesa.

Vidole vya Wilhelmina vilipoliwa, Pius alimpoza.

"Vumilia, dada. Mimi nimeliwa mpaka kiwiko, na mwaka huu napanda daraja."

"Utapanda kwa mkono gani?"

Sasa Profesa alishuka ngazi akijifuta mdomo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo unaondoka hivyo, hata mkono hunipi?"

Mtu mzima akikunyooshea mkono, huwezi kumwacha hewani. Wilhelmina akampa wa kushoto.

Profesa akaung'ata, akautafuna mpaka kwenye kiwiko. Mfupa ulilia kama muwa. Dereva wa bodaboda akawasha pikipiki. Aliyeshika kichwa ni mlinzi, mzee Ndalahwa.

"We binti! Mkubwa unampa mkono wa kushoto? Kwenu hawakukufunza?"

"Nisamehe, babu," alisema Wilhelmina. Akafunga kigutu kwa kitenge, akapanda.

Habari za utovu wake wa adabu zilifika kila taasisi kabla yake, na hakuna iliyomchukua. Anauza dagaa Mkolani. Utafiti wake umechapishwa kwa jina la Profesa, ambaye amepewa tuzo ya malezi bora. Pius alipanda daraja. Amebaki kichwa na mkono mmoja, hubebwa kwenye beseni kwenda vikaoni. Ndalahwa amestaafu, yuko Bujora na ng'ombe wake. Watafiti wengine wamefika Julai. Wanasema mazingira ya kazi ni mazuri: intaneti ina kasi, na chai ya saa nne haikosi maandazi.