Nyumba Iliyopisha Barabara

Jumatatu asubuhi, Hasna alipokuwa akitwanga chikichi zilizochemshwa uani kwake, mtaa wa Kasingirima, Ujiji, watu wa kampuni ya ujenzi waliwasili na utepe wa kupimia. Kiongozi wao, kijana mwenye adabu aitwaye Oswald, alimwamkia, akapima, kisha akamweleza kwamba baraza na nusu ya sebule vimo ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba ilipaswa kuondoka.

"Nyumba hii aliijenga babu yangu kabla barabara haijafikiriwa," Hasna alisema.

"Hilo halina ubishi, mama. Ila barabara sasa imekuwa pana."

Hasna alikuwa na neno moja tu. Mama yake, Bi Fatu, hakuwa tena na miguu ya kusimamia. Alilala chumba cha nyuma, na alikwisha kuapa kwamba atatoka humo kwa jeneza tu. Oswald alijibu kwa masikitiko kwamba viapo havimo katika kazi aliyopewa.

Athumani, muuza kahawa aliyekuwa akiwamiminia wote wawili, alitoa maoni yake bila kuombwa.

"Dada Hasna, wewe hukai mjini? Lori likija, bodaboda anaingia mtaroni hata kama haki ni yake. Sasa kampuni na serikali ndiyo lori lenyewe. Wewe pisha kwanza. Haki utaidai ukiwa mzima."

Hasna aliyaona maneno hayo yana busara. Kule Ujiji mtoto hufundishwa mapema kuiacha njia apitapo mkubwa au mtu mwenye mzigo kichwani, na nyumba ile ilikuwa imekaa na watu wa namna hiyo muda mrefu. Jioni aliweka kiganja ukutani, akaiomba ipishe, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwatuma watoto dukani.

Kulipokucha ilikuwa imerudi nyuma upande wa ziwa, na baraza yake, na mabati yake, na Bi Fatu akiwa bado usingizini. Kahawa iliyosahauliwa dirishani haikumwagika. Majirani walikuja kutoa pole, kwa kuwa kuhama kunachosha.

Oswald aliporudi, alipima tena, akavua kofia yake ngumu.

"Mama, umejiharibia. Aliyehama amekiri kwamba alikuwa mahali pasipo pake. Lalamiko lako halipo tena."

"Si mlisema niondoke?"

"Tulisema. Hatukusema uondoke hivi. Na hapa ulipo sasa tunapahitaji kugeuzia mitambo."

Nyumba ikapisha tena. Mara hii iliangukia ndani ya mita sitini kutoka ufukweni, ambako sheria hairuhusu ujenzi. Afisa wa mazingira, Leonia, alikuja na buti za mpira kuyasema hayo. Aliisifu nyumba, akasema hata yeye angependa kuishi katika nyumba sikivu kama ile.

"Basi iende wapi, mwanangu?" Hasna aliuliza. "Mbele barabara, nyuma maji."

"Mimi nahusika na mita sitini tu, mama. Zikiisha, si zangu tena."

Nyumba ikaingia ziwani.

Ilisimama pale ambapo maji yalifika chini kidogo ya madirisha. Kitanda cha Bi Fatu kilipandishwa juu ya meza mbili. Migebuka ilipita jikoni, na ile iliyochelewa kutoka Hasna aliikaanga. Athumani alikuwa akija na birika lake kwa mtumbwi.

"Angalau umepumzika, dada. Huku hakuna trafiki."

"Wapo. Walikuja jana kuniuliza taa ya nyuma."

Nchi kavu, barabara haikujengwa. Kampuni iliihamishia mitambo yake mkoa mwingine, ikaacha vigingi. Mahali ilipokuwa nyumba paliota majani, mbuzi wa Athumani wakayala. Hasna alikwenda kuuliza kama angeweza kurudi, akajibiwa kwamba hifadhi ni hifadhi, iwe na barabara au isiwe nayo.

Oswald alikuja mara ya mwisho kwa mtumbwi wa kukodi, kuiwekea nyumba alama ya kubomolewa kwa kukaa majini kinyume cha utaratibu. Mkono mmoja ulishika fremu ya dirisha na wa pili brashi, kwa hiyo kopo la rangi lilikosa wa kulishika. Hasna alilipokea. Oswald akaanza kuchora X nyekundu ukutani, taratibu, kwa mkono wa mtu anayeipenda kazi yake.

"Nani huyo?" Bi Fatu aliuliza kutoka ndani.

"Watu wa barabara, mama."

"Wanataka nini tena?"

"Tupishe."

"Waambie nyumba haijui kuogelea."

Hasna aliwaambia. Oswald alisema suala hilo atalifikisha kwa wahusika, kisha akamwomba, samahani mama, alinyanyue kopo kidogo, kwani rangi ilikuwa ikimwagika ziwani.