Ua wa Bi Mkasi

Mtaani walimwita Bi Mkasi, maana tangu astaafu kazi ya posta hakuonekana bila mkasi wa kupogolea. Hata dukani alikwenda nao. Watu walimtania kwamba ipo siku atampogoa mwenye duka masikio, naye alijibu kwamba kweli yale masikio yamezidi.

Bustani yake haikuwa kubwa, lakini kila kichaka alikichagua mwenyewe. Lilaki, kichaka cha maua ya zambarau, aliipanda upande wa jua la asubuhi, na kila mara maua yaliponyauka aliipogoa papo hapo, kwani ukichelewa unakata matumba ya mwaka ujao. Haidranjia, yenye kiu kama mlevi, aliificha kivulini, na asumini aliiweka karibu na mlango. Kando ya ukuta, mahali ambapo udongo ulikuwa mgumu na kila alichopanda kilikufa, aliweka oleanda. Muuza miche aliisifia sana: haitaki maji mengi, inachanua kiangazi chote, hata mbuzi hawaigusi. Bi Mkasi alirudi nyumbani anaimba.

Alikuwa na mjukuu mmoja, msichana wa miaka mitatu. Walimwita Kijiko kwa sababu alikoroga kila kitu: uji, mchanga, hata maji ya kufulia. Baba yake, mtoto wa pekee wa Bi Mkasi, alifanya kazi mbali. Mama yake alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa mtaa wa pili, kwa hiyo kila asubuhi alimwacha mtoto kwa bibi yake.

Siku hiyo Bi Mkasi aliamua kupunguza oleanda, iliyokuwa imeanza kuziba dirisha. Alikata, akarundika matawi chini, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchukua toroli. Akakuta gurudumu halina upepo, akaanza kuhangaika na pampu. Aliporudi, Kijiko alikuwa amekaa kivulini, kimya. Mtoto huyo hakuwa na tabia ya kukaa kimya.

"Bibi, tumbo," alisema.

Akatapika. Bi Mkasi alidhani ni maziwa ya asubuhi, akamfuta mdomo, akamwambia pole mama. Akatapika tena, na tena, halafu shingo ikalegea na macho yakawa hayamtazami mtu. Bi Mkasi akapiga kelele. Jirani yake, fundi seremala, aliruka ukuta na randa bado mkononi, akawapakia kwenye gari lake la kubebea mbao. Wakampitia msusi saluni, akaacha mteja na nywele nusu kichwa.

Hospitalini daktari aliweka kipimo kifuani mwa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Amekula nini?"

"Uji," alisema Bi Mkasi. "Na maziwa."

"Na kingine? Vidonge? Sumu ya panya? Mafuta ya taa?"

"Sina vitu hivyo kwangu."

"Mama, fikiria vizuri. Moyo wake unapiga polepole mno, tena unarukaruka. Maziwa hayafanyi hivi. Nikijua alichokula, nitajua pa kuanzia."

Msusi alimgeukia Bi Mkasi. Vidole vyake bado vilikuwa na mafuta ya nywele. "Mama, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Kwenye toroli."

"Kwenye toroli," msusi alirudia, kama mtu asiyeijua lugha hiyo.

Fundi seremala akamrudisha Bi Mkasi nyumbani mbio. Bi Mkasi alipekua jikoni, akalala kifudifudi kuangalia uvungu wa kitanda, akamwaga kabati zima sakafuni. Hakuna kitu. Akatoka nje, akaanza kukagua vichaka, akitafuta alama ya meno. Aliishika lilaki jani kwa jani. Akaihamia asumini, akaihamia haidranjia. Hakuna jani lililong'atwa. Simu ikalia.

"Mama, umeona?"

"Bado, mwanangu."

"Mapigo yanashuka. Mama, tafuta! Tafuta, nakuomba!"

Alizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Alimwomba Mungu, kisha akamwomba mtoto mwenyewe, kwa sauti: "Niambie, Kijiko, niambie ulikula nini." Akajikwaa kwenye rundo la matawi ya oleanda, na kitu kikagonga ukutani. Lilikuwa kopo la kakao. Ndani yake mlikuwa na maji ya kijani, majani yaliyovunjwavunjwa na maua yake ya rangi ya waridi yakielea juu. Kijiti cha oleanda kilikuwa kimesimama katikati kama mwiko. Pembeni palikuwa na kikombe cha plastiki, kimelowa.

Mtoto alikuwa amepika chai, akajimiminia.

Hapo ndipo Bi Mkasi alipoelewa kwa nini mbuzi hawaigusi.

Daktari alipoliona kopo hakuuliza swali la pili. Wakampa mtoto mkaa wa dawa, wa kunyonya sumu tumboni, kwa mpira wa puani, wakampa sindano ya kuamsha moyo. Dawa hasa ya sumu ile haikuwapo. Iliagizwa hospitali nyingine, ije na gari. Bi Mkasi na mkwewe walikaa kwenye benchi la korido, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mashine ilisikika kupitia mlangoni. Ililia, ikanyamaza, ikanyamaza zaidi, ikalia. Kila iliponyamaza Bi Mkasi naye alisahau kuvuta pumzi.

Alinyoosha mkono.

"Usinishike," msusi alisema. "Tafadhali, mama. Usinishike."

Dawa ilifika jioni. Kesho yake asubuhi Kijiko alifumbua macho, akaomba maji. Bi Mkasi alisikia habari hizo akiwa koridoni, kwa nesi. Hakuitwa ndani. Mtoto aliporuhusiwa, mama yake alimpeleka moja kwa moja kwa mama yake mdogo.

Bi Mkasi aling'oa oleanda kwa glavu. Hakuichoma, kwa kuwa daktari alimwonya kwamba hata moshi wake ni sumu. Alipomaliza hakuweza kuacha. Akaigeukia asumini, akaikata hadi chini. Alikuwa anaifyeka haidranjia, analia kwa sauti, msusi alipoingia getini.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakata."

"Na hiyo nayo ina sumu?"

"Sijui! Nimezilea miaka yote hii, najua ipi inataka kivuli na ipi inataka samadi, na hilo sikuwahi kuuliza. Sijui hata moja!"

Msusi alimnyang'anya mkasi. Akakata tawi moja kutoka kila kichaka, akayafunga kwenye gazeti. Wakaenda ofisini kwa bwana shamba. Bwana shamba aliyapanga matawi mezani. Lilaki haina neno, alisema. Asumini pia, hii ya kwenu. Haidranjia iondoeni, kama kuna mtoto.

Kama kuna mtoto. Neno hilo Bi Mkasi alitembea nalo hadi getini kwake.

"Yuko kwa mama yake mdogo," msusi alisema kabla hajaulizwa. "Anakula vizuri."

"Nitamwona lini?"

"Sijui, mama. Nikifumba macho naisikia ile mashine. Usiniulize leo."

"Sawa, mwanangu."

Msusi akashika njia ya saluni. Bi Mkasi alimtazama hadi alipokata kona, kisha akaenda kutafuta jembe la kung'olea haidranjia.